Jipi ya familia huchaguliwa na wasioshika usukani

Muulize mwanaume wa Lubumbashi kwa nini amenunua jipi aliyonunua, atakujibu habari za injini. Atataja silinda, atataja mazutu na esansi, yaani dizeli na petroli, ataapa kwamba Toyota haifi, na akiwa na nafasi atakufungulia boneti kabisa uone mwenyewe. Msikilize kwa adabu. Akishaondoka, muulize mke wake, au mama yake, au yule mtoto wa dada anayekaa nao kwa ajili ya masomo. Hapo ndipo utapata habari yenyewe.

Mimi sina perimi, ile leseni ya kuendesha, na sijawahi kuwasha gari hata kwa kujaribu. Lakini RAV4 ya milango mitano iliyolala uani kwetu, ya kile kizazi cha pili kilichotengenezwa tangu 2000 hadi 2005, nimeichagua mimi, nikisaidiwa na magoti ya mama mkwe. Baba watoto alitoa fungu lake, mimi nikatoa langu kutoka likelemba yetu ya wauza vitenge, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, na siku gari lilipoingia mtaani aliyepewa mikono ni yeye. Sikusema kitu. Anayetaka kupongezwa apongezwe. Mimi nilitaka gari ambalo kila mtu wa nyumba yangu anaweza kupanda bila kusukumwa matakoni.

Tunakaa upande wa Katuba, ndani, mbali na lami. Wasioujua mji huu hudhani Lubumbashi yote ni zile barabara za katikati zenye mijakaranda. Kwetu ni udongo mwekundu. Kiangazi ni vumbi linaloingia hadi ndani ya sufuria yenye kifuniko. Mvua zikianza kuelekea Novemba, vumbi lile lile linageuka potopoto, na maji yanachimba mfereji katikati ya barabara, leo hapa, wiki ijayo pale. Gari la chini linaweza kupita, sikatai. Teksi zinapita kila siku. Ila zinapita zimelala ubavu, gurudumu moja ukingoni na jingine mferejini, na unasikia tumbo la gari likikwaruza huku umekaza miguu bure. Kwa hiyo kuhusu kimo, nyumbani hapakuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa jipi ipi.

Baba watoto alikuwa na jibu zamani. Anafanya kazi na kampuni ndogo inayotumikia migodi upande wa Likasi, anarudi mwisho wa wiki, na huko macho yake yanashinda juu ya Land Cruiser. Si zile za mawaziri. Ni zile za mraba, za mfululizo wa 70, ambao Toyota ilianza kuutoa 1984 na tangu hapo haijaona sababu ya kuubadilisha sura sana. Za migodini hufungwa fimbo ndefu yenye kibendera juu, ili dereva wa lori kubwa la mawe ajue kwamba chini yake kuna gari dogo lenye watu. Anazipenda kwa mapenzi ya kweli. Atakuambia injini yake, 1HZ, ni lita 4.2, silinda sita, haina turbo, haina kompyuta ya kumsumbua mtu porini, unaipa mazutu uliyonayo nayo inaenda.

Yote ni kweli. Wamisionari, wachimba madini na mashirika ya misaada hawajalogwa kulinunua gari lile miaka yote hii. Lakini chungulia ndani ya ile ndefu ya kubebea watu, wanayoiita 78. Nyuma kuna mabenchi mawili yanayotazamana, watu wanakaa magoti kwa magoti. Wafanyakazi waliovaa buti na kofia ngumu hawana shida nayo. Sasa weka humo bibi mmoja, mtoto wa chekechea, sufuria ya sombe, yaani kisamvu, iliyofungwa kwa kitambaa, na wanafunzi wawili wasiosemezana tangu asubuhi, halafu uende nao Kipushi. Na kuna hili: mtu wa mgodini halinunui gari lile, analikabidhiwa. Tairi ni za kampuni, mafuta ni ya kampuni, fundi ni wa kampuni. Nilimwambia, "Papa Watoto, wewe hupendi ile motokari. Unapenda kutolipa." Alicheka, lakini jioni hiyo hakurudia tena habari za 1HZ.

Akashuka hadi Hilux ya kabini mbili. Hapo alikuwa na watu nyuma yake, hasa kaka yake mkubwa, yaya wetu (kwetu yaya ni ndugu mkubwa, si mlezi wa watoto), ambaye ana maoni juu ya kila kitu kinachonunuliwa kwa pesa ya wengine. "Mulete pikapu, shida zenu zitakwisha," alisema yaya. Hilux ipo duniani tangu 1968 na sina neno baya juu yake. Jumamosi moja baba watoto akaazima ya mwenzake wa kazini, akaileta hadi mlangoni ili tuione ikiwa na watu ndani.

Mama mkwe alitoka amefunga kitenge chake cha kwenda misa. Akasimama kwenye mlango wa nyuma, akaipima ile hatua kwa macho, akashika kishikio cha ndani kwa mkono wa kulia, akapandisha mguu wa kushoto. Mguu ulifika. Mwili ndio uliokataa kuufuata. Akabadilisha mguu, kitenge kikambana, akakilegeza, akakifunga upya, sisi wote tukitazama pembeni kwa heshima. Mwanangu wa kwanza akasogea amsukume kidogo kwa nyuma; alitazamwa mara moja tu, akarudi alikotoka. Kisha mama akaachia kishikio, akapangusa viganja na kusema kwa upole kabisa: "Ile ni motokari ya batu bako na magoti. Muende tu, miye ntabakia na nyumba."

Mama mkwe akisema atabakia na nyumba, usifikiri amekupa ruhusa ya kwenda. Hilux ilirudishwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.

Nasema ukweli, hata magoti yasingekuwapo ningeipinga. Kwetu kuwa na pikapu ni kama kuwa na kisima uani: hakuna anayebisha hodi kwa aibu. Jirani anahamisha kitanda. Kwaya inataka kupeleka spika parokia nyingine. Shangazi ameona makala, yaani mkaa, ya bei nzuri njia ya Kasenga, anataka mifuko "michache tu". Na msiba ukiingia, hapo hakuna hata kuombwa. Viti vya plastiki, hema, sufuria kubwa, kuni, unga, kreti za vinywaji, vijana wa kuchimba kaburi, vyote vinaitazama ile bene yako ya nyuma, na wewe umekuwa kamati ya usafiri kabla hujavua viatu. Huwezi kukataa msibani. Sitaki kusema ni vibaya. Nimezikiwa watu wangu kwa pikapu za wengine. Lakini mafuta ya kutwa nzima ya matanga hakuna anayeyakumbuka kwenye mchango, na springi za nyuma zikilala hakuna atakayekuja kuziamsha.

Yaya alilijua hilo vizuri. Ana shamba lake njia ya Kipushi, na alipokuwa akisifu Hilux nilimwona akihesabu mifuko ya mahindi kichwani. Simlaumu. Kila mtu katika ukoo alikuwa akijichagulia gari kupitia mfuko wetu, na yeye alikuwa mkweli kuliko wengine.

Binti yetu mkubwa alitaka Prado. Hakuficha sababu: marafiki zake wangeiona. Nami sikuona aibu kuizingatia, kwa sababu Prado ina jambo moja kubwa, ile safu ya tatu ya viti. Nyumba yetu ikiwa kamili, viti vitano havitoshi, na mtu mdogo lazima apakatwe. Baba watoto akachangamka, akaona njia ya kurudi kwenye Land Cruiser kwa mlango wa nyuma. Tukaenda kuona moja ya zile za 120, zilizoanza kutoka 2002, ya mazutu. Nzuri mno. Hata mlango wake ukifungwa unasikia pesa.

Fundi wetu ndiye aliyetupoza. Injini ile ya lita tatu, 1KD, inasukuma mazutu kwa mgandamizo mkali sana kupitia injekta zenye matundu madogo mno. Mazutu ikiwa na maji au takataka, injekta zinaharibika, na injekta za namna ile hazitengenezwi chini ya mwembe. Sasa fikiria maisha yetu. Mafuta ya Lubumbashi yanakuja kwa malori kutoka kusini na mashariki. Yakichelewa, vituo vinafunga, na mji mzima unaenda kwa makadhafi, wale vijana wanaouza mafuta kwa bidoni na funeli kando ya barabara. Hakuna anayejua bidoni ile jana ilibeba nini. Ipo Prado ya esansi, ya lita 2.7, injini tulivu isiyo na maringo, lakini gari lenyewe lina uzito wa karibu tani mbili na injini lazima ilivute, kwa hiyo inakunywa.

Na mimi nilikuwa na hesabu nyingine ambayo haiko kwenye karatasi ya muuzaji. Ukifika kwenye kikao cha harusi na Prado, mchango wako umeshaandikwa kabla hujakaa. Mtoto wa kulinda magari sokoni naye ana bei mbili. Ukichelewa kulipa ada ya shule, unasikia mtu akiguna, "Na ile motokari?" Kuna familia zinazoweza kuibeba ile heshima. Sisi ingetubeba.

Sasa kuna jambo ambalo sijasikia wanaume wakilizungumza wanapochagua, nami naliona ni la kwanza. Kongo tunapita mkono wa kulia wa barabara. Magari mengi tunayonunua yanatoka Japani, ambako wanapita kushoto, kwa hiyo usukani uko kulia. Yanashushwa Dar es Salaam, yanatoka Tunduma, yanaikata Zambia, yanaingilia Kasumbalesa, na yanafika kwetu usukani wake ukiwa pale pale. Mjini hakuna tabu. Lakini toka uende Likasi, kilomita kama 120, barabara ile ile wanayopita malori ya shaba yakitoka Kolwezi. Lori liko mbele yenu, refu, linaenda taratibu. Dereva wenu amekaa upande wa majani. Ili aone kama mbele ni salama, inabidi achomoze karibu gari zima kwenye njia ya wanaokuja. Anayeona kwanza ni aliyekaa mbele kushoto.

Kwenye gari letu huyo ni mimi. Nainama kidogo kuelekea dirishani, natazama, nasema, "Ngoja." Nasema, "Kuko Fuso." Nasema, "Bado, bado," halafu, "Pita sasa." Naye anapita. Mtu asiye na perimi ndiye anayeamua lini familia nzima inahama upande wa barabara, kwa mwendo wa kutisha, na mume wangu ambaye hukataa ushauri wangu juu ya chumvi anautii huu bila neno. Nikilala, hapiti lori lolote. Tutafuata moshi wake hadi Likasi.

Kwa hiyo kila gari tulilokwenda kuliona, yeye alizunguka kulia, mimi nikakaa kushoto. Nilitazama ukingo wa barabara naanza kuuona wapi. Nilitazama kama ile nguzo ya kioo cha mbele inanifichia kitu. Mimi si mrefu. Kwenye gari moja kubwa, ambalo sitalitaja, nilikuwa naona boneti, boneti, boneti, kisha mbingu. Kwenye RAV4 kiti kiko juu, pua ni fupi, na natazama kando ya lori bila kuinua shingo. Na mama mkwe anaingia kwa kukaa kwanza, halafu anageuza miguu, kitenge mahali pake. Hapandi, anakaa. Alipokaa mara ya kwanza aliuliza tu mfuko wake wa mkononi utawekwa wapi. Nikajua tumefika.

Ilibaki kazi ya kupata iliyo nzuri, na hapo nampa sifa fundi. Tulimwuliza pia habari za X-Trail, ambayo nayo ni gari la heshima na mara nyingi ina nafasi zaidi nyuma. Akasema, "Mama, mutuletee ile tunajua kufungula bila taa." Umeme wetu mnaujua. Na vipuri vya RAV4, vipya vya kuiga na vya kuvunjwa kutoka magari mengine, unavipata mjini bila kumtuma mtu Zambia. Rotili za mbele, vile viungio vya magurudumu, zikilegea, na kwa barabara hizi zitalegea, ni suala la asubuhi moja.

Lakini alitupa onyo ambalo naliandika hapa kwa kirefu, maana wengi hawaambiwi. RAV4 za kizazi kile zilizouzwa ndani ya Japani, zile za lita mbili, zina injini iliyoandikwa D-4 juu ya kifuniko. Watu wanadhani D-4 ni sifa ya kuvuta magurudumu manne. Sivyo. Ni mfumo wa kupuliza esansi moja kwa moja ndani ya silinda badala ya kuichanganya na hewa nje kwanza. Unahitaji mafuta safi, si ya bidoni, na baada ya muda masizi yanajaa kwenye njia za hewa, gari linaanza kutetemeka likisimama. Kule Japani wana esansi safi na garaji yenye mashine za kupimia. Sisi tuna kadhafi na mwembe. Nyingine ni ya lita 1.8, injini 1ZZ, mfumo wa kawaida ambao kila fundi anaujua. Ila hiyo ya 1.8 inavuta magurudumu ya mbele tu. Ukilala chini ukatazama nyuma, hakuna ile ponti ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma.

Hapo nyumba iligawanyika tena. Ile nne kwenye jina RAV4 inasimamia magurudumu manne, na baba watoto aliona haya kununua nne ambayo ni mbili. "Bakiuliza nitasema nini?" Nikamwambia asiulizwe. Halafu tukakaa chini tukafikiri kwa makini. Mtaani kwetu kinachotusumbua ni mashimo na mfereji, na dawa ya hayo ni kimo na tairi nzuri. Potopoto ya kweli iko kwenye njia ya kwenda shambani, upande wa Kasenga, kilomita za mwisho baada ya kuacha barabara kubwa, kati ya vichuguu. Lakini mahindi tunayavuna mvua zikishakwisha, njia imekauka. Wakati wa kupanda, mbegu na mbolea zinakwenda kwa pikipiki, na zitaendelea kwenda kwa pikipiki. Kuna safari gani basi, katika mwaka, ambayo tungeikosa? Hatukuipata. Tulichukua 1.8. Inavuta mbele tu, inakunywa kwa adabu, na boneti yake imefunguliwa kwa ajili ya oili na filta tu.

Yaya hadi leo anaiita jipi ya jina. Aite tu.

Mifuko ya mahindi je? Viti vya nyuma vya gari hili vimegawanyika viwili, vinasogea, vinakunjwa, na ukitaka unavichomoa kabisa. Msimu wa mavuno tunavichomoa. Vinakaa barazani, na naapa ndivyo viti vizuri kuliko vyote tulivyonavyo. Wageni wanavigombea, na mama mkwe amejitwalia kimoja cha kumenyea karanga. Nyuma ya gari kunabaki uwanja, mifuko inalala humo, na hakuna anayeiona kutoka nje akapata wazo la kutuazima. Hakika si tani ya Hilux. Yaya anapohitaji kubeba mengi, anakodi Fuso pamoja na jirani zake wa shambani, na imegundulika kwamba hata zamani angeweza.

Mlango wa nyuma una tabia yake. Haupandi juu, unafunguka kwa pembeni, umebeba tairi la akiba mgongoni, na bawaba zake ziko kulia. Japani wanaegesha kushoto, kwa hiyo mlango unawafungukia kuelekea watembea kwa miguu. Sisi tunaegesha kulia. Mbele ya soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, ukiufungua, unakuwa ukuta kati yako na mama anayekupimia maharagwe kwa meka. Yeye yuko upande huu, wewe na mfuko mnazunguka barabarani zinakopita pikipiki. Nimejifunza kupitishia vitu mlango wa abiria wa kulia, na watoto nao wamejifunza.

Mengine ni madogo. Redio yake ni ya Kijapani, inaishia 90 wakati stesheni nyingi za hapa ziko juu ya hapo. Fundi wa redio anaongeza kifaa kidogo na mambo yanakwisha. Na kila asubuhi ufunguo ukigeuzwa mwanamke mmoja anazungumza Kijapani kutoka kwenye dashibodi, kwa heshima kubwa. Tuliambiwa anakumbusha kwamba kadi ya kulipia barabara za kwao haijawekwa. Njia ya Kasumbalesa peaji tunalipa mkononi na kupewa karatasi, kwa hiyo atakumbusha sana. Mtoto wetu wa mwisho humjibu, "Ndiyo mama."

Mdogo wangu anayekaa Kolwezi sasa anataka kununua. Wiki nzima ananitumia picha kwenye simu: Pajero, X-Trail, Hilux nyekundu, Prado yenye vioo vyeusi, na kila picha imepigwa kutoka mbele, boneti wazi. Nilimjibu kwa sauti, maana kuandika kungechukua usiku. Nilimwuliza nani ana magoti mabaya nyumbani kwake. Nani atakaa mbele kushoto, na je, huyo husinzia safarini? Shamba lao wanalifikia mwezi gani? Fundi aliye karibu anafungua gari gani bila taa? Na ndugu wangapi wa mume wanasubiri kwa hamu kusikia kwamba wamenunua pikapu?

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akanijibu kwamba kesho anampeleka mama mkwe wake kwenye uwanja wa magari, akakae ndani ya moja moja. Mume wake bado hajaambiwa.